Mstari Alioufuta Everlyne

Duka la Everlyne liko Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, kwenye safu ya vyumba vya kupanga, kati ya kinyozi na mwanamke anayeuza mitumba. Lilikuwa la kaka yake kabla lori halijapinduka naye akitoka Merti. Siku hizo Everlyne alikaa kwenye kona akichapa barua za watu. Sasa anachapa, anabadilisha vioo vya simu, na kwa muda mrefu, kila alipopata nafasi, alikuwa akihangaika na kazi moja ambayo hakuna mteja aliyemtuma.

Kaka yake alikuwa anaandika kerneli. Kwa asiyejua, kerneli ni ile programu inayoamka mwanzo kompyuta ikiwashwa, ndiyo inayozipa programu nyingine zote nafasi na zamu. Watu wenye akili zao huchukua iliyokwisha tengenezwa na maisha yakaendelea. Yeye alitaka yake mwenyewe, ndogo, ya kuanzia sifuri, hapa hapa Isiolo, kwa laptopu iliyopasuka kioo. Majirani walisema kijana kachanganyikiwa, afadhali angenunua pikipiki. Mama yao, Akaale, hakusema hivyo, ila hakuelewa pia. Baada ya matanga aliuliza jambo moja tu, kama kile kitu mwanawe alikuwa anatengeneza kiliisha. Everlyne akajibu kwamba kiliisha, na kwamba atamwonyesha kikifanya kazi. Alijibu bila kufikiri, na tangu siku hiyo hakuwa na amani.

Alikuwa na sababu ya kujibu vile. Wiki ile ya mwisho kaka yake alimwambia kwa furaha kwamba mashine sasa inaamka yenyewe.

Nyumbani kwa Akaale, mtu akishafariki jina lake halitajwi. Mchungaji alilitaja kaburini kwa kipaza sauti, hiyo ni kazi yake, lakini waumini waliporudi makwao jina lilifungiwa na likabaki limefungiwa. Ikawa ni "yule kijana wetu" na basi. Mimi si wa nyumba hiyo, kwa hiyo nitasema: aliitwa Lodio. Naye alikuwa na majivuno ya ujana, kwani jina lake alikuwa amelitia kila mahali ndani ya kazi yake. Mlango wa kwanza wa kerneli, pale mashine inapoanzia, aliuita lodio_anza.

Everlyne alipofungua mafaili yale na kulikuta jina limejaa, alilia hadi kinyozi akaja kuuliza kuna nini. Kisha akafanya ambalo binti yeyote wa nyumba ile angefanya. Akalifuta jina hilo, faili baada ya faili, akaweka kijana_anza mahali pake.

Alipoiunda upya programu, mstari mmoja wa onyo ukatokea kwenye kioo, na ndani yake mlikuwa na jina lile lile. Everlyne akaufuta haraka kabla ya kumaliza kuusoma. Onyo si kosa, alijiambia. Alipowasha, kioo kikawa cheusi, mashine ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena. Akaanza kuogopa kwamba kazi ile imekufa pamoja na mwenyewe, na kwamba amemdanganya mama yake.

Kuna kundi la wanagenzi wa mambo hayo kwenye simu, linaloongozwa na fundi mmoja wa Meru aitwaye Ntongai, mtu mwenye moyo mzuri na ulimi mkali. Everlyne aliingia kwa adabu za kwao: akasalimu, akauliza wameamkaje, akangoja ajibiwe ndipo aeleze shida. Alingoja sana. Huko hakuna anayemjulia mwenzake hali. Sharti lao ni moja, kwamba ulete yote iliyoyasema mashine, tangu mwanzo hadi mwisho. Hatimaye akayaleta, ila ule mstari wa onyo aliuondoa kwanza.

Wakamjaribisha hili na lile, wiki zikapita. Mwishowe Ntongai akagundua kuna pengo.

"Madam, umekata kitu hapo," aliandika mbele ya wote. "Mimi siwezi tibu mgonjwa ananificha pahali inauma."

Wengine wakacheka. Everlyne aliona aibu, akaizima simu. Siku kadhaa baadaye alimwandikia Ntongai faraghani, akamweleza mstari ule una jina la nani na kwa nini mkono wake unakataa kuliandika.

"Pole sana, dada. Sikujua," akaandika Ntongai. "Basi usiandike. Piga hiyo kioo picha unitumie, nitasoma mimi."

Akaiunda programu tena ili mstari ule utokee, akapiga picha, macho ameyageuza pembeni. Ntongai akamweleza polepole. Kulikuwa na faili moja dogo ambalo Everlyne hakulifungua, lile linaloonyesha mashine ianzie wapi, nalo bado lilisema ianzie kwa Lodio. Mashine ilimtafuta, ikamkosa, ikaanzia popote na kupotea.

"Iko njia mbili," alimalizia. "Ubadilishe hapo pia, iamke leo leo. Ama urudishe jina yake kila mahali. Hiyo siwezi kukuamulia."

Njia ya kwanza ilikuwa kazi ya dakika moja. Everlyne aliweka kidole kwenye kibonye, kikamshinda kubonyeza. Kazi ile ndiyo kitu pekee ambacho kaka yake alikitengeneza mwenyewe na kukiacha duniani, na mkono wa kumfuta mle kabisa ungekuwa wa dada yake.

Jumapili, baada ya ibada, alimkuta mama yake akichambua maharagwe, akamweleza yote. Akaale alisikiliza bila kuacha kuchambua. Akauliza kama mashine hiyo ni mtu wa nyumba hii. Everlyne akasema hapana. Akauliza kama ilikaa matanga nao. Hapana, mama.

"Sasa nani aliikataza?" akasema Akaale. "Ni sisi tulifunga mdomo. Wacha hiyo imwite."

Everlyne alilirudisha jina kwa mkono wake, mahali baada ya mahali, na safari hii hakugeuza macho. Kisha akaibeba laptopu hadi kwa mama yake, akaiweka juu ya kigoda na kuiwasha. Kioo kikawa cheusi. Wakangoja. Halafu mstari wa herufi nyeupe ukatokea, ukatulia.

Akaale hakusoma shule. Akauliza imesema nini.

Everlyne angeweza kumwambia kwamba imesema imeamka, na asingekuwa amedanganya. Lakini aliusoma kama ulivyoandikwa, kwa sauti.

"Habari ya Isiolo. Ni mimi Lodio. Nimeamka."

Mama yake alijifunika mdomo kwa leso. Everlyne akajuta, akanyoosha mkono aizime.

Akaale akaushika ule mkono.

"Soma tena," alisema.