Yrsa na Nguo Zake

Katika karakana yetu ya kujalidi vitabu, hapa mjini Odense, kiti cha Dorrit Brask kilitumika zaidi kutundikia aproni. Dorrit alikuwa mtu wa kusimama. Alishona kurasa akiwa amesimama, alikunywa kahawa akiwa amesimama, na alipokuwa na jambo moyoni aliizunguka meza kubwa ya kukatia hadi sisi wengine tukaacha kumtazama ili tusishikwe na kizunguzungu. Kazi moja tu ndiyo iliyomketisha: kuchora wanasesere wa karatasi na nguo zao.

Wasichana wengi wa huku wamewahi kuwa na mwanasesere wa aina hiyo. Huwa ni wa kadibodi, amevaa nguo ya ndani tu, na magauni yake ya karatasi yana vikono vidogo mabegani na kiunoni, vya kukunjwa nyuma ili vazi lishike. Wengi wetu tuliacha mchezo huo tulipoanza kuona haya. Dorrit hakuacha. Alikuwa amekaribia kustaafu, na bado saa ya chakula cha mchana ilimkuta na kipande cha mkate mweusi mkono wa kushoto na penseli mkono wa kulia, akichora sketi pana ya mwaka wa hamsini na kitu au kofia iliyoteremshwa hadi kwenye nyusi kama walivyoipenda akina mama wa miaka ya ishirini.

Aliyemfundisha ni mama yake, Asta. Katika miaka ya vita, Wajerumani walipokuwa nchini na madukani hakuna cha kununua, Asta alikuwa msichana wa shule. Alimchora mwanasesere juu ya kifuniko cha boksi la viatu, akamkata na kumwita Yrsa. Alimchorea nguo za siku zile, kisha akarudi nyuma na kumchorea magauni marefu ya bibi yake. Baadaye binti zake wawili, Henny mkubwa na Dorrit mdogo, walimwongezea Yrsa sketi fupi za ujana wao na suruali zilizopanuka miguuni. Hivyo msichana mmoja wa kadibodi, mkono mmoja kiunoni na kiwiko nje, alivaa mitindo ya karibu karne nzima bila kuzeeka hata siku moja.

Asta alipofariki, mabinti waligawana vitu kwa njia tunayoijua sote. Kila mmoja alipewa vibandiko vya rangi yake, wakarusha dadu kuamua nani aanze, kisha wakawa wanabandika kwa zamu: huyu saa ya ukutani, huyu taa, huyu vikombe. Kanuni ni kwamba kilichobandikwa hakiombwi tena, kwa sababu mkianza kuombana hamtamaliza. Sasa Yrsa alikaa katika kisanduku kimoja cha sigara, na nguo zake katika kisanduku kingine, kwa sababu zilikuwa nyingi. Vilikuwa vitu viwili kwenye rafu, si kimoja. Zamu ya Henny ilipofika, alibandika kibandiko chake cha kijani kwenye kisanduku cha nguo. Alitarajia, kama alivyosema baadaye, kwamba mdogo wake atasema: chukua vyote viwili. Dorrit hakusema kitu. Zamu yake ilipofika, alibandika cha njano kwenye kisanduku cha mwanasesere, akitarajia kwamba Henny atamjia.

Henny hakuja. Alirudi kwake, katika mji wa Assens, na nguo zisizo na mvaaji, na Dorrit akabaki Odense na mwanasesere asiye na nguo. Miaka ikapita. Kadi za Krismasi zilikwenda na kurudi, zikiwa na majina mawili yaliyotiwa sahihi vizuri na hakuna zaidi.

Mambo yangebaki hivyo kama Signe, wa jumba dogo la makumbusho lililo mtaa wa pili, asingekuja karakanani na ombi lake. Alitaka kijitabu cha watoto: mwanasesere mmoja na nguo za kila muongo, kuanzia enzi za magauni marefu hadi miaka ya sabini. Dorrit achore, na karakana ikate na kujalidi. Dorrit alikubali kabla Signe hajamaliza sentensi, na kuanzia siku hiyo hatukupata tena utulivu.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwili. Katika muongo mmoja kifua cha mwanamke kilisukumwa mbele na kiuno kikabanwa. Katika mwingine alitakiwa kunyooka kama rula. Halafu kiuno kikarudi tena. Yrsa alikuwa na mwili mmoja tu. Dorrit alilitatua hilo kwa siku chache. Gauni la karatasi, alituambia, hubeba mwili wake lenyewe. Mwanasesere kazi yake ni kutoa kichwa, mikono na miguu. Nguo moja baada ya nyingine ilitoka chini ya penseli yake, nazo zilikuwa nzuri.

Tatizo la pili lilikuwa koti la miaka ya vita. Asta alikuwa amechora koti alilolivaa yeye mwenyewe, lililoshonwa kutokana na blanketi la kijivu, na vifungo vyake alivitia wekundu kwa maji ya bitiruti kwa kuwa rangi hazikupatikana. Picha ya kamera ya koti hilo haikuwapo. Dorrit alikumbuka kola yake, iliyokwenda upande kwa sababu kitambaa hakikutosha, lakini hakukumbuka jinsi lilivyofungwa. Alilichora, akalichana. Akalichora tena. Alichonga penseli ambazo hazikuhitaji kuchongwa, akafungua dirisha, akalifunga.

"Hili lina kasoro gani?" nilimuuliza, nikiokota moja chini ya meza.

"Hilo ni koti la karani wa benki."

"Mimi naona ni koti zuri."

"Karani naye ana haki ya koti zuri. Lakini huyo si Yrsa."

Signe alipiga simu kukumbusha kwamba siku ya kupeleka michoro kwenye kiwanda cha uchapaji imekaribia. Alikuwa mpole kama kawaida yake. "Chora koti lolote la wakati ule, Dorrit. Watoto watafurahi tu."

"Lolote analo kila mtu," alijibu Dorrit. "La Yrsa analo Henny." Akakata simu, akaizunguka meza, kisha akanijia. "Wewe una gari."

"Ninalo."

"Jumamosi unafanya nini?"

Ndivyo nilivyojikuta njiani kuelekea Assens, Dorrit pembeni yangu akifungua na kufunga mkoba wake. Ndani yake kulikuwa na brashi zake, karatasi laini tunayotumia kutibia kurasa zilizochanika, kichupa cha gundi ya wanga, na bahasha ngumu aliyoipapasa kila tuliposimama kwenye taa.

"Umemwambia unakuja?" niliuliza.

"Nimemwambia nitapita. Sikumwambia kwa nini."

"Atakisia."

"Henny hakisii. Henny husubiri mtu aseme, halafu anasema alijua."

Henny aliishi katika nyumba ya matofali mekundu, mwishoni mwa safu ya nyumba. Alifungua mlango kabla hatujabisha. Alisimama kiwiko nje kama Yrsa, mkono ameuweka kiunoni.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe umenenepa."

"Mimi nilianza zamani, wewe hukuwapo kuona. Na huyu mtoto umemwokota wapi?"

"Ni wa kazini kwetu. Ana gari."

"Basi aingie. Wenye gari wanakaribishwa."

Meza ilikuwa imeandaliwa: kahawa, vikombe vitatu, na mkate mtamu wa lozi uliokwisha kukatwa. Lakini hatukufika mezani. Ukumbini, kati ya mlango wa choo na vining'inizio vya makoti, palikuwa na fremu kubwa ya kioo, na ndani yake nguo zote za Yrsa zilipangwa kwa miongo, kuanzia magauni marefu hadi suruali pana. Zilipangwa kwa uangalifu mkubwa. Koti la kijivu lilikuwa katikati. Lilifungwa kwa upande, vifungo vyekundu vikiteremka kutoka bega la kushoto.

Dorrit alilitazama kwa muda. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Henny. Vikono viko wapi?"

"Vikono vipi?"

"Vya kukunjia. Nguo zote hazina vikono."

"Nilivikata," alisema Henny. "Vilikuwa vinachungulia pembeni kama fulana iliyotoka kwenye suruali. Ukutani haipendezi."

"Ukavitupa."

"Ulitaka nivitundike peke yake?"

Dorrit aligeuka. Nilidhani anaondoka, na nadhani naye alidhani hivyo, kwa kuwa mkono wake ulikwisha shika kitasa. "Hazitavaliwa tena," alisema. "Mama alizichora zivaliwe."

"Na nani?" Henny hakupandisha sauti. "Avae nani, Dorrit? Mimi nilikuwa na kisanduku cha nguo tupu. Mwaka wa kwanza niliziacha na vikono vyake. Mwaka wa pili pia. Nikasema, atakuja tu, hawezi kukaa na yule msichana uchi. Ukaleta kadi ya Krismasi yenye picha ya ndege."

"Ungeniomba."

"Kilichobandikwa hakiombwi. Wewe ndiye uliyenikumbusha, nilipotaka ile taa."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Dorrit alitembea hadi mwisho wa ukumbi ule mfupi, akarudi, akaenda tena. Aliporudi mara hii alikuwa ameifungua ile bahasha. Alimtoa Yrsa na kumweka juu ya kabati la viatu, chini ya fremu.

Henny alimwinamia. "Shingo imekatika."

"Ilikatika. Nimeitibu kwa nyuma."

"Haionekani."

"Haitakiwi kuonekana." Dorrit aliinua macho kwenye fremu. "Ulizibandika kwa gundi gani?"

"Unga na maji. Kama alivyopika mama."

Niliona mabega ya Dorrit yakishuka. Gundi ya unga hulegea kwa unyevu. Gundi ya dukani ingemaliza mazungumzo palepale. Lakini maji yaleyale yangeweza kuzitawanya rangi za bitiruti, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alilieleza polepole: angekata kadibodi ya nyuma, ile zilipobandikwa nguo, kulizunguka koti, aipunguze tabaka kwa tabaka kutoka nyuma, atie unyevu kidogo kidogo pale mwisho tu, kisha aliwekee koti vikono vipya kwa karatasi laini.

"Ukiliharibu?" aliuliza Henny.

"Nitakuwa nimeliharibu."

"Jibu zuri hilo. La kutia moyo." Henny alitazama fremu yake, kazi ya majira mazima ya baridi kwa jinsi ilivyokuwa nadhifu. Pakiwa na tundu katikati ingeonekana kama kinywa kilichong'olewa jino. Kisha akainyanyua ukutani mwenyewe, akaipeleka mezani, akausogeza mkate kando na kuanza kuzitoa pini zilizoshika mgongo wake kwa kisu cha siagi.

"Koti tu," alisema.

"Koti tu."

Dorrit aliketi. Alifanya kazi akiwa ameinama, na Henny alisimama nyuma yake akimwambia asibonyeze hapo, apunguze maji, ageuze taa; kahawa ikapoa na mkate ukaliwa na mimi peke yangu. Kifungo cha chini kiliacha doa dogo la waridi kwenye kitambaa cha kukaushia. Dorrit aliinua brashi. "Kimoja," alisema Henny. "Hata mama alikuwa anapoteza kifungo." Koti likatoka zima. Dorrit alikata vikono viwili vya mabegani na kimoja cha kiunoni, na alipotaka kukata cha nne Henny alimnyang'anya mkasi.

"Cha upande huu kilikuwa kifupi. Kikiwa kirefu kinachomoza kwenye kiwiko. Hukumbuki?"

"Sikumbuki."

"Mimi nimekaa nazo. Nakumbuka." Akakikata yeye, kwa ulimi nje kidogo ya midomo.

Nililichora koti kwa penseli kama Dorrit alivyoniagiza, mistari tu, ili yeye apate cha kufuata karakanani. Wao walilitandika kati ya karatasi mbili safi na kulilaza chini ya kitabu kizito cha mapishi. Yrsa aliwekwa pembeni, tayari. Dorrit alitaka kumrudisha kwenye bahasha, akasita.

"Gundi inataka hadi kesho," alisema.

"Basi mwache."

"Nitakuja kesho kumchukua."

"Kesho njoo. Kumchukua tutazungumza."

Hatukuwa tumefika mbali, barabara bado imepakana na mashamba, Dorrit alipoanza kuufungua na kuufunga mkoba. "Atalifunua kabla ya wakati," alisema. "Namjua. Hawezi kuacha kitu." Aliniomba nisimame kwenye kituo cha mafuta. Akashuka, akatembea kati ya pampu na duka, simu sikioni, nami nikamsikia kupitia dirishani.

"Henny? Usikiguse kitabu." Akasikiliza. "Umekigusa." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi, akiwa amesimama sasa. "Umemvisha? Henny, gundi bado ni mbichi." Akaegemea gari langu, mgongo kwenye kioo. "Linamkaaje?"