Mstari wa Mzee Heche

Mimi na Shamsia tunagawana kibanda kimoja pale Turwa. Mimi, Hamim, natengeneza simu. Yeye anaandika programu, na ni mkali kuliko pilipili kichaa. Mteja akimhimiza afanye haraka, anamwuliza kama mama yake alimzaa kwa haraka. Ila akiingia mzee, binti huyo huyo analainika, sauti inashuka, ubishi wote kwisha. Kulelewa vizuri nako kuna hasara zake.

Mwaka ule dhahabu ilipofumuka Kerende, umoja wa wenye maduara ulimpa kazi. Kila duara, yaani kila shimo la kuchimba, lilipata ukurasa wake kwenye simu: sehemu ya kuagiza magogo, ya kuripoti mawe yaliyotoka, na kitufe chekundu cha kuita waokoaji. Shamsia alinieleza mpaka nikaelewa. Ombi likifika linakuja na anwani yake. Programu inasoma mistari ya njia kuanzia juu. Mstari wa kwanza unaolingana na anwani hiyo unalichukua ombi na kulipeleka panapohusika, na mistari ya chini haiangaliwi tena. Kwa hiyo mstari wa msaada aliuweka juu kabisa.

Mwenyekiti wa umoja, mzee Heche, alikuja kukagua. Hakupenda.

"Mwanangu, habari ya hatari inampitaje mwenye mji? Watoto ndio wasikie kwanza?"

"Mzee, wale ni waokoaji..."

"Ije kwangu kwanza. Mimi nitaipeleka."

Shamsia akavuta kompyuta. Akaandika mstari mpana: ombi lolote kutoka maduarani liende kwa mzee, na akishabonyeza yeye ndipo liendelee. Akauweka juu ya yote, maana huku kwetu mzee hawekwi chini ya kitu, hata kitu chenyewe kikiwa maandishi. Nilimwambia amefanya ujinga. Akaniambia nimfuate mzee nikamweleze mwenyewe, nikarudi kwenye simu zangu.

Kwa muda mambo yalikwenda, mzee akibonyeza chapuchapu. Halafu ikaja mchana wa mvua kubwa.

Shamsia alikuwa akitazama rekodi ya maombi yanayoingia. Nikamsikia akisema, "Ya Allah." Ombi la msaada lilitoka duara la Waisiko, limetumwa na Gati, mama anayewapikia wachimbaji: "Ukuta umeanguka. Elia amefunikwa. Anajibu kwa mbali." Elia ni kifungua mimba wa mzee Heche. Mbele ya ombi programu ilikuwa imeandika kwamba limepokelewa bila tatizo. Na kweli lilipokelewa. Lilikuwa limelala kwenye simu ya baba yake.

Mzee mwenyewe alikuwa Ringwani, amekwenda kupatana ng'ombe wa mahari ya mwanawe mdogo, na kikao cha namna hiyo yeye huingia amezima simu. Tulipiga, hapatikani. Nikampigia Joram, mkuu wa waokoaji. Mvua ikinyesha Kerende sauti ya simu haipiti, maandishi tu ndiyo hufika. Nikamwandikia ujumbe wa kawaida nikijua hatausoma. Joram huinuliwa na king'ora cha ile programu tu, na king'ora kilikuwa kinamsubiri mzee. Gati akabonyeza tena, na tena. "Sauti inapungua," akaandika.

"Mshushe mzee!" nikamwambia Shamsia. "Mpeleke chini!"

"Hajaniruhusu."

"Ruhusa atakupa makaburini?"

Akafungua faili. Akaukata mstari wa mzee, akaubandika chini kabisa, akawasha upya. Programu ikagoma. Kwa pupa alikuwa amebeba na mabano ya mstari wa jirani, na sasa ombi la Gati halikuwa hata na mlango wa kubisha. Nilitaka kumpokonya ile kompyuta, ingawa ningeifanyia nini sijui. Yeye alipitia maandishi polepole, akinong'ona dua, akayarudisha mabano. Ikawaka.

Tukasubiri ombi jipya, maana yale ya mwanzo yalishachukuliwa na mstari wa mzee. Hakuna kilichoingia. Niliogopa kwamba Gati amekata tamaa, au kwamba hakuna tena wa kuombewa msaada. Kisha rekodi ikasogea: Gati, msaada. Safari hii mstari wa juu ulilichukua, na king'ora kikalia kwenye simu za waokoaji wote.

Elia alitolewa jioni, mguu umevunjika, mdomo umejaa udongo, anapumua.

Kesho yake mzee Heche akasimama mlangoni petu. Shamsia akamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Nani alikuruhusu kunishusha?"

"Hakuna, mzee. Nisamehe."

Akatoa simu yake, akatuonyesha maombi ya Gati, moja chini ya jingine. Alikuwa ameyakuta alipowasha simu njiani kurudi, wakati Elia ameshafungwa mguu hospitalini.

"Ungeniheshimu jana," akasema, "leo ningekuwa nachimba kaburi."

Shamsia akaangua kilio. Mzee akavuta kiti changu, akaketi, akamsubiri amalize.