Redio Aliyoazima Baba

Kilichoninyima usingizi ni betri. Baba alikuja kwetu Kitaji, mjini Musoma, Jumapili, akala samaki, akaazima redio ya mke wangu, akaondoka nayo kwapani ikiwa imefungwa kwenye khanga kuukuu. Betri aliziacha mezani.

"Hizi bakini nazo," alisema. "Kuzipata ni shida."

Ilikuwa kweli. Mwaka ule hata sabuni ya kufulia uliipata kwa kujuana na muuza duka, na betri zikiisha nguvu tulizianika juani pamoja na mihogo ili zituvushe siku chache zaidi. Lakini mtu anayeazima redio na kuacha betri anakwenda kusikiliza nini? Nililala chali nikilichambua jambo hilo. Labda kijijini ana betri zake. Hana, ningejua. Labda anataka kuwaonyesha wenzake. Wenzake wameshaona redio. Labda balozi wetu wa nyumba kumi amemnong'oneza kwamba nyumbani kwa mwanawe, mwalimu wa serikali, kila jioni hufunguliwa redio ya Kenya, naye ameona aiondoe kabla hatujaitwa kujieleza. Hilo lilinishika. Nikaanza kupanga majibu nitakayotoa tukiitwa.

"Mwalimu, lala," mke wangu alisema gizani. "Baba ameazima redio. Hajaazima mke."

Yeye ni mtu wa ng'ambo ya ziwa. Alikuja Musoma kwa meli, akiwa karani wa ofisi ya meli bandarini, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa bado nzima na mtu wa Kisumu akifanya kazi kwetu hakuulizwa mengi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepangiwa kufundisha historia sekondari, na nilikwenda bandarini kuulizia sanduku la vitabu vyangu lililopotea njiani. Sanduku halikuonekana. Tukaoana. Kisha Jumuiya ikavunjika, meli zikaacha kuja, mpaka ukafungwa, wenzake wa ofisini wakafungasha wakarudi kwao. Yeye alibaki kwa ajili yangu, na alinikumbusha hilo mara moja tu, siku tuliyogombana kuhusu chumvi.

Mama yake alikuwa na ugonjwa wa moyo. Habari zake zilitufikia kupitia kwa wavuvi, ambao mpaka wa nchi kavu haukuwahusu sana: wetu na wa kwao walikutana ziwani, wakapeana tumbaku na maneno. Habari ya mwisho ilisema miguu imevimba, lakini bado anatembea mpaka mlangoni. Baada ya hapo, kimya.

Ikabaki redio. Kila jioni kituo cha Kisumu kilisoma matangazo ya vifo kwa Kijaluo. Mke wangu alikaa kwenye kigoda, sikio karibu na spika, mkono juu ya tumbo, maana mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa. Nilikaa naye. Lugha sikuielewa, ila niliujua wimbo wa mtangazaji: alivyopunguza mwendo akifika kwenye jina la marehemu, alivyokimbia kwenye orodha ya watoto na wakwe. Matangazo yakiisha, mke wangu alizima redio papo hapo kuokoa betri, akasema, "Hayumo." Ndipo tulipokula.

Jioni ya kwanza bila redio alikaa kwenye kigoda vilevile, akitazama ukuta. Jioni ya pili aliniuliza, "Sasa nitajuaje?" Kufika katikati ya wiki alikuwa anapakua chakula changu na kukiacha chake sufuriani. Nikamwambia Jumamosi nitakwenda kijijini kuifuata.

Kijiji chetu kiko mwendo wa mguu kutoka Butiama, nyumba zikiwa zimepangwa mistari tangu watu walipohamishiwa pamoja. Nilimkuta mama peke yake. Baba, alisema, yuko Bunda pamoja na wanakamati wengine, wanafuatilia lori la kuja kuchukua pamba ya kijiji kabla mvua haijainyeshea.

"Nimefuata redio," nilimwambia.

"Redio gani?" Kisha haraka, "Aa, ile. Sijui ameiwekaga wapi."

Nyumba ya mama ina vyumba viwili. Akanipa uji, akasimama mlangoni akitazama nje. Katika maisha yangu yote mama hakuwahi kunipa uji bila kunitazama nikinywa. Sikupekua. Nilimaliza uji, nikaaga, nikaenda barabarani kutafuta usafiri wa Bunda.

Nje ya kiwanda cha kuchambua pamba wanaume wa vijiji mbalimbali walikuwa wamelala juu ya magunia matupu, kila kundi likisubiri lori lake. Wa kijiji chetu waliniona kabla sijawaona.

"Mzee, msomi wako huyo. Mpe gunia abebe."

"Gunia? Huyo hata chaki inamchosha."

"Muacheni. Amekuja kutuandikia lori lije."

Niliwaamkia wote. Baba aliitikia, akaniuliza kama leo shule imefungwa, nikamwambia ni Jumamosi. Alikuwa anaanza kunisogezea nafasi ya kukaa alipofika mama mmoja na beseni la furu wakavu kichwani. Nilimfahamu: ameolewa Murangi na binamu wa baba, mvuvi, na hutembeza samaki mpaka Bunda msimu wa pamba, watu wakiwa na cha kununulia. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu," alisema, akitua beseni. "Poleni na ugonjwa wa mkweo. Binti alishafika kule? Maana wale wavuvi wa kwao wanasema mama anamuitaga tu, asubuhi jina lake, jioni jina lake."

"Wewe mama, uza samaki," baba alisema.

Mama wa Murangi alimtazama baba, akanitazama mimi. "Kwani hawajaambiwa?"

Wale waliokuwa wananitania wakageuka kuangalia barabara, wote upande mmoja, ingawa hakukuwa na lori lolote linalokuja. Kwa namna walivyogeuka nilijua kwamba wao walikuwa wameambiwa.

Nilimwomba baba tusogee nyuma ya ukuta.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu pamba inaanza kupasuka."

"Ujumbe ulikuwa wa mke wangu, baba."

"Ujumbe wa mji wangu unapitia kwangu." Hakuonekana mtu aliyekamatwa. Alionekana amechoka na magunia. "Nilikaa na wazee, tukaliangalia. Mama yako naye alikuwepo. Tukaona azae kwanza."

"Na redio?"

"Redio inaweza kumtaja huyo mama siku yoyote. Asikie hivyo, na tumbo lile, unataka azalie sakafuni?"

"Alikuwa anasikiliza na mimi."

"Wewe unaelewa nini? Hata ungetajwa wewe usingejua."

Baba akapunguza sauti, akaniambia lililokuwa chini ya hayo yote. Ng'ombe wa mahari hawajamalizika kupelekwa. Wengine walibaki zizini tangu mpaka ulipofungwa. Kwao mke wangu, mtoto hufuata ng'ombe. Akizaliwa kule kabla hawajatimia, ni wa kule, na hakuna mzee atakayekaa kikao kuamua vingine. "Nitapita wapi kumdai mjukuu wangu? Kwa polisi wa mpaka? Akishazaa hapa, mimi mwenyewe nitamwambia, mbele ya watu, na nitamlilia mkwe kama inavyotakiwa."

"Atakuwa ameshakufa."

"Wagonjwa wanaponaga. Na wewe ungekwenda kufanya nini? Mkwe haangaliwi kitandani." Akaniwekea mkono begani. "Wewe si mtu wa kufikiri sana? Basi fikiria hilo. Ukirudi nyumbani mwambie redio iko kwa fundi."

Lori lilikuja, halikuwa letu. Nilipata nafasi juu ya jingine lililokuwa linarudi Musoma tupu, na njia nzima nilifanya kama baba alivyoniagiza. Nilifikiri. Sababu zake hazikuwa za kipumbavu. Mimba ilikuwa kubwa na ziwa halina adabu. Ruhusa ya kuvuka hatukuwa nayo. Mwalimu anayeacha kituo bila kibali hurudi akakuta nafasi yake ina mtu, kama hakukuta barua ya polisi. Na huko ng'ambo, mtu mwenye lafudhi yangu angeeleza amekuja kufanya nini? Nilizipanga hoja, nikazipangua, nikazipanga tena, mpaka karibu na mjini nikaona kwamba chini ya zote kulikuwa na moja tu: niliogopa asingerudi. Kwao kuna udongo wake, lugha yake, dada zake. Kwetu kulikuwa na mimi, na watu ambao walikaa kikao kuhusu mama yake wakala kwake bila kumwambia.

Nilikuwa na hofu ileile ya baba. Tofauti ilikuwa kwamba yeye ameshaifanyia kazi.

Nilimkuta mke wangu anachagua maharage kwenye ungo. Nilimwambia kabla sijavua viatu, nikisimama palepale mlangoni, maana nilijua nikikaa nitaanza kutafuta maneno. Nilimwambia mama yake amezidiwa na anamwita, kwamba ujumbe ulifika zamani, uliishia kwa baba, na redio iliondolewa asisikie tangazo.

Hakulia. Aliendelea kutoa mawe mpaka ungo ukaisha.

"Wewe umejua lini?"

"Leo. Bunda."

Nilimwona ananikagua usoni, anatafuta kama na mimi nilikuwa kwenye kikao. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayelala naye, na sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyeichomoa redio kwenye rafu na kumkabidhi baba.

"Jumapili aliniuliza habari za mama," alisema hatimaye. "Ulikuwepo. Aliniuliza, mama huko anaendeleaje? Nikamwambia baba, sijui, sisikii kitu. Akasema, Mungu yupo."

"Nakumbuka."

"Nilifurahi. Kwenu hakuna anayeniulizaga." Akasukuma ungo pembeni. "Nikampa kichwa cha samaki. Nilikuwa nimekuwekea wewe."

Wakati ule mezani hata mimi nilikuwa nimeguswa. Nilifikiri baba ameanza kumpenda.

"Nitakwenda," alisema. "Kama unataka kunifuata ili unirudishe, bora ubaki."

"Sikufuati kukurudisha. Nakwenda na wewe."

"Mkwe haangaliwi kitandani."

"Nitakaa nje."

"Wataniweka siku nyingi. Utakaa nje siku zote hizo?"

"Nitakaa."

"Na mtoto akizaliwa kule?"

Swali hilo nililibeba tangu Bunda na bado lilinikuta sijajiandaa. Akilini nilimwona baba akiwa na mkono begani kwangu. "Atakuwa amezaliwa kule," nilisema.

"Baba yako atasema nimekuiba."

"Aseme."

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa mkuu wa shule. Alinisikiliza vizuri, akaniambia kibali hutolewa mkoani, niandike, nitajibiwa. Nilimwambia mama mkwe wangu hawezi kusubiri majibu ya mkoani. Akasema yeye hakunisikia nikisema hivyo. Niliweka ufunguo wa kabati la vitabu juu ya meza yake, akautazama bila kuugusa.

Tulifika Murangi Jumatatu kabla ya adhuhuri, tukiwa na mfuko mmoja na nguo za mtoto ambazo mke wangu alikuwa amezishona. Mama wa samaki alitupokea kama mtu mwenye deni. Alimshika mke wangu kiwiko, akawa anamwambia alidhani tunajua, angejua hatujui angekuja Musoma mwenyewe kwa miguu. Mume wake alikuwa anakwenda kwenye kambi ya wavuvi kisiwani, wanakolala na wenzao wa ng'ambo, na huko kulikuwa na kijana wa ukoo wa mke wangu ambaye angetufikisha. Ziwa lilikuwa tulivu. Nilimuuliza yule mvuvi mara mbili kama litabaki hivyo, naye mara zote mbili alinijibu kwamba hajaongea nalo.

"Baba yako atanikuta Bunda," mama wa samaki aliniambia. "Nimwambieje?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mengine nilikuwa nimeyatunga usiku, marefu, yenye mfano na swali mwishoni. Mengine yangemuumiza, na nilitaka yamuumize.

"Mwambie tumekwenda kwa mama."

"Na kurudi?"

"Hilo sijui."

"Msomi," mume wake aliita kutoka majini, "vua viatu. Huku siyo ofisini."

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia majini mpaka magotini. Nilishika ukingo wa mtumbwi usiyumbe mpaka mke wangu alipokaa, kisha nikapanda nyuma yake.