Siku Niliyotafsiri Sinema ya Kiarmenia

Leo nasimulia huku nacheka, lakini kwa miaka mingi nilizunguka mitaa mitatu nisipite mbele ya ukumbi ule wa Msimbazi. Enzi hizo nilikuwa kijana wa winchi pale bandarini, nimetoka kozi ya miezi sita Odesa, bandari ya Wasovieti, na kofia ya manyoya naivaa Kariakoo juani (jasho linachuruzika, lakini nani avue?), na mtaa mzima unajua mwenye Kirusi ni mimi.

Jumapili moja mchana ikaletwa sinema ya kale ya Wasovieti, zile zisizo na sauti, maneno yanaandikwa tu kwenye kitambaa. Mwenyekiti akauliza, "Ndugu zangu, nani atatutafsiria?" Na mbele kabisa amekaa Mzee Lyimo, mwenye duka la vitenge, ambaye nilishampelekea barua ya posa kwa binti yake Anna na bado hajajibu. Nikasimama.

Maandishi yalipotokea, lo! Herufi zimejipinda kama ndoana, hata moja siijui. Ningesema "sijui" yangeishia pale, lakini fahari haikuniachia, nikatangaza, "Kijana anamwambia dada yake wamuuguze baba yao." Watu wakaguna kwa huruma, nami nikanogewa, nikampa yule baba kifua kikuu, nikamwongezea na kabaila anayetaka shamba lake, mpaka yule "kaka" akamvisha "dada" pete na kumbusu.

"Astaghfirullah!" akapiga kelele mama mmoja. "Dada yake wa damu?"

"Ndiyo mila zao," nikajibu (Mungu anisamehe).

Mwalimu Mrusi aliyeileta sinema, muda wote yuko nyuma anaendesha mashine, akasogea mbele, akasema kwa Kiswahili safi kunizidi, "Ndugu, hicho ni Kiarmenia, hata mimi sikisomi. Ila kitabu ilikotoka sinema hii nakijua. Wale ni wachumba. Baba wa binti ataogopa maneno ya majirani, atavunja uchumba, na binti atakufa."

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikaanguka. Lakini binti wa sinema alipokufa kweli pale kwenye kitambaa, hakuna aliyecheka.

Nje nikamkuta Mzee Lyimo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umenitia aibu mbele ya wateja wangu. Nilishaamua kuirudisha barua yako." Akafuta macho. "Lakini nimemwona yule mzee wa sinema anavyomlilia mwanawe. Mwambie mshenga aje Jumamosi."

Anna ni mke wangu mpaka leo, na namjivunia yeye kuliko Kirusi chote. Ila nikiulizwa nisilolijua, hata na mjukuu, nasema sijui, tena kwa sauti ya kusikika mpaka uani.