Juzuu Thelathini za Baba

Bibi yangu mzaa baba alivihesabu vitabu vile mara moja tu, siku baba aliporudi kutoka masomoni Urusi, na hesabu ile ikatutawala nyumba nzima kwa miaka. Baba alikuwa amekwenda kusomea udaktari. Alirudi Bagamoyo na cheti, koti zito lisilo na kazi hapa kwetu, na sanduku la mbao lenye vitabu vya jalada gumu, vyote sawasawa, vyenye maandishi ya dhahabu mgongoni. Bibi alivitoa kimoja kimoja, akavipangusa, akavipanga mkekani. Vilifika thelathini.

"Huko kuna Waislamu?" akamwuliza.

"Wapo, mama. Wengi tu."

Baba alijibu alichoulizwa, na bibi hakuona haja ya kuuliza zaidi. Vitabu thelathini vya namna moja, vyenye dhahabu, vimebebwa na mtoto aliyelelewa kwa dini. Kwake hizo zilikuwa juzuu, zile sehemu thelathini za msahafu, zimeandikwa kwa herufi za Waislamu wa huko. Akazifunga kwa kitambaa cheupe, akaziweka kwenye rafu ya juu kabisa, akatoa amri kwamba asiziguse mtu asiye na udhu.

Kumbe zilikuwa kazi zote za mwandishi mmoja wa Kirusi wa zamani: hadithi fupi, michezo ya kuigiza na barua zake. Alikuwa daktari kama baba, akafa kwa kifua kikuu kabla ya kuzeeka. Baba aliniambia kwamba siku ile alikuwa amechoka na safari, na mama yake alikuwa akilia kwa furaha, akaona atamweleza kesho. Kesho yake majirani walikuwa wameshakuja kuziona.

Hivyo ndivyo baba yangu alivyojikuta anatia udhu ili asome vichekesho. Baada ya swala ya alasiri alivaa kanzu na kofia, akakaa juu ya mkeka, akaweka kitabu kwenye marufaa, kile kibao cha kukunjua cha kuwekea msahafu, akasoma kimyakimya midomo ikichezacheza. Hakuweza kucheka. Akifika penye kichekesho aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, machozi yakamtoka. Bibi akiwa mlangoni aliwanyamazisha watoto. Mtaani alisema mwanawe akisoma hulia kwa kumcha Mungu, na watu wakamheshimu baba kwa hilo kuliko kwa udaktari wake.

Nilikua nikiiogopa rafu ile. Nilipofika miaka kumi na miwili baba aliniita, akanifungulia kitabu kimoja, akanieleza ukweli. Nilikasirika. Nilijiona nimedanganywa adabu yangu yote ya utotoni. Akaniacha ninune, kisha akaanza kunitafsiria ukurasa mmoja hapo hapo, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na kabla haujaisha hasira zilikuwa zimenitoka. Alikuwamo mwanamke ambaye ningeapa ni shangazi yangu. Alikaribisha wageni chai huku akilalamika kichwa, akawazuia wasiondoke, na walipoondoka akawasengenya. Mtu aliyeishi kwenye theluji, aliyekufa kabla bibi hajazaliwa, alimwonea wapi shangazi yangu?

Swali hilo sijalipatia jibu mpaka leo, na sasa ni mwalimu wa sekondari mwenye watoto wangu mwenyewe. Baba alinifundisha zile herufi, nikajua kuzitamka, ingawa lugha yenyewe haikuniingia sawasawa. Yeye ndiye aliyekuwa akinifasiria. Miaka aliyofanya kazi zahanati ya Kiwangwa alirudi kila Ijumaa na mananasi aliyopewa na wagonjwa na habari za wagonjwa hao: baba mwenye nyumba anayeona haya kusema anapoumwa, mama anayeomba dawa ya mtoto ambaye ameshakufa. Kisha alifungua kitabu akanionyesha watu wale wale. "Huyu bwana alifika Kiwangwa kabla yangu," alikuwa akisema, tena bila kutania.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mwandishi hakuwa akimhukumu mtu. Mimi nahukumu upesi, ndiyo tabia yangu, wanafunzi wangu wanajua. Yeye aliweka mlevi, mchoyo na mwongo mezani pamoja, akawamiminia chai wote. Nilikuwa nikifunga kitabu najionea haya.

Miaka michache iliyopita bibi alilala kitandani na ikajulikana kwamba hatainuka. Akili yake ilikuwa timamu. Asubuhi moja alituita, baba na mimi, akasema anachotaka.

"Nikifa, khitma yangu isomwe kwa zile juzuu zako. Wagawieni watu, kila mmoja yake. Umezibeba mbali kote kule, nami nimezitunza. Nataka nitangulie nazo."

Baba akasema, "Inshallah, mama," akatoka. Nilimkuta uani ameshika ukuta. Alikuwa amestaafu, mvi kichwa kizima, na alikuwa kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Mwache afe na furaha yake," nilimwambia. "Tutasoma khitma kwa misahafu. Hatajua."

"Nitajua mimi. Ameniomba kwa mdomo wake nami nimemwitikia."

Akatia udhu, akarudi ndani, akamwambia. Nilisimama mlangoni. Hakujitetea wala hakusema alikuwa kijana. Alisema vitabu vile ni hadithi za kubuni, ameziandika daktari mmoja asiyekuwa Mwislamu, na kwamba yeye mwanawe amemwacha azistahi miaka yote kwa sababu aliogopa kumvunja moyo. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani.

Asubuhi iliyofuata baba aliingia kama kawaida. "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitika.

Kwa asiye wa kwetu hilo ni jambo dogo. Akiwa nyumbani, baba hakuwahi kuianza siku bila marahaba ya mama yake. Hata alipokuwa Urusi aliandika shikamoo juu ya kila barua, na bibi, alipokuwa akisomewa, aliitika kwa sauti. Sasa baba alitoa shikamoo asubuhi ya pili, na ya tatu, ikaanguka sakafuni. Bibi alinyweshwa uji na mimi, dawa akapokea kwangu. Baba aliacha kula. Kilichomtisha kilijulikana na kila mtu nyumbani: bibi angeweza kuondoka bila kumwitikia.

Siku ya nne bibi aliniambia, baba akiwa amesimama pale pale, "Mwambie baba yako anisomee. Nisikie ni kitu gani hicho nilichokuwa nikikifutia vumbi."

Baba akakaa, akasoma kwa Kiswahili. Mwanzoni alikwamakwama, kisha akazoea. Bibi alisikiliza macho yamefumbwa. Palipotokea mume anayejisifu mbele ya mkwewe, alicheka, kicheko kidogo kikavu, akajikataza. Alasiri ile na zilizofuata alisomewa. Maswali yote aliyapitishia kwangu. "Mwulize, huyo mama ana watoto?" "Mwulize, kwa nini hasemi neno moja tu, wakati mwanamume yuko mbele yake?" Siku moja alisema, akitazama dari, "Huyu aliyeandika alikaa na watu," na machozi yakamshuka mpaka masikioni. Nilimfuta. Nilikuwa nimesoma na kufundisha kusoma maisha yangu yote, na sikuwahi kuona mtu akisoma kama mwanamke yule asiyejua herufi moja ya kitabu kile.

Hata hivyo kila asubuhi baba alitoa shikamoo yake, na kila asubuhi alinyimwa.

Asubuhi ya kumi na moja pumzi za bibi zilikuwa fupi. Baba akaingia, kitabu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema bibi. "Marahaba, mwanangu. Yule mama wa hadithi ya jana alifika kwake, au hakufika?"

Baba alibaki amesimama. Ilibidi nimsukumie kiti.

"Mwandishi hasemi, mama."

Bibi akafikiri. "Si kitu. Soma."

Baba akafungua kitabu, lakini sauti haikutoka. Alijaribu tena, akashindwa, akaniinulia kitabu. Kufasiri siwezi. Nikasoma zile herufi kama nilivyofundishwa, taratibu, neno baada ya neno, Kirusi kitupu, na bibi akanisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, wala hakuuliza maana.