Mistari ya Basi la Mama

Juzi, kwenye duka la stika hapa Tengeru, mama mmoja alileta basi dogo la mbao, mfano wa lile aliloendesha mumewe. Kesho yake walikuwa washerehekee kustaafu kwa mzee, na mistari ya bluu aliyoipaka kwa mkono ilikuwa imevujia nje rangi mara mbili.

Mashine ikakata mistari kwenye stika. Dada wa duka, kwa mazoea, akaanza kubandua stika ya pembeni ili ibaki mistari.

"Acha, mwanangu! Toa mistari, niachie stika yenye matundu."

"Mama, hiyo ya matundu si huwa tunatupa?"

"Leo tupa mistari."

Mama akabandika matundu yake kwenye basi, akapulizia rangi ya bluu, ikakauka, akabandua stika. Mistari ilinyooka kabisa! Akatoka na basi lake mkononi, akipiga honi kwa mdomo. Bodaboda, ambao hawampishi mtu, wakampisha.