Miguu Chini ya Mlango

Kila asubuhi, kabla hajaondoa gogo linalozuia mlango, Mama Généreuse hulala kifudifudi, huweka shavu kwenye sakafu baridi na kuchungulia katika uwazi ulio chini ya mbao. Anatazama miguu. Hapo kijijini Kibua njia ya mashambani inapita mbele ya nyumba yake, na kwa miaka aliyokaa pale anawajua majirani kwa nyayo tu. Kandambili za buluu ni za Solange. Miguu mitupu yenye kidole gumba kilichopinda ni ya Myriam. Buti nyeusi za mpira, moja imezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ni za Edmond. Miguu ikipita, anafungua. Ikisimama, anabana pumzi.

Tabia hiyo ilianza baada ya mawese kumwagika.

Mama Généreuse hakuwa na duka, alikuwa na jina zuri tu. Wanawake walimpa bidoni zao, madumu ya mawese, bila karatasi, yeye akazipakia kwenye Fuso, akaziuza Goma, akarudi na kumpa kila mmoja haki yake. Safari ile alibeba bidoni za wanawake tisa. Nauli ilikuwa imepanda, kwa hiyo alikopa kwa Valens, mfanyabiashara wa Walikale, akamwachia karatasi ya parsele yake, kile kiwanja chenye nyumba anamokaa na binti yake Bibiche. Kabla ya kufika mbali, Fuso lililala ubavu kwenye matope. Hakufa mtu. Mawese yalitiririka mtaroni mpaka maji yakawa mekundu, na watu wa kijiji kile wakaja na sufuria kuchota.

Aliporudi alisema uongo wake wa kwanza: mnunuzi hajalipa, wangoje kidogo. Wiki ya pili akasema hivyo hivyo. Wiki ya tatu Valens alipiga simu. Alisema polepole, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba mwezi ukiisha bila pesa zake atakuja na polisi, atachukua nyumba, na mwenye nyumba atalala kasho, mahabusu ya polisi. Tangu siku hiyo Mama Généreuse akaacha kula jioni.

Bibiche, aliyesoma miaka miwili chuoni Goma kabla vita havijamrudisha nyumbani, alimwambia mama yake kwamba hata aliyefilisika ana sheria yake. Wako maavoka, yaani mawakili, wanaomkalisha mdaiwa na wadai wake pamoja, wakapanga namna ya kulipa bila kumvua nguo. Neno hilo lilimpa mama usingizi wa usiku mmoja. Lakini Kibua hakuna avoka, na huwezi kumtafuta kimya kimya. Ukiuliza tu, swali linalofuata ni: unamshitaki nani?

Ilibidi amwendee Nestor, katekista, maana simu yake ilikuwa na namba za watu wote wenye kalamu. Alimngoja nyuma ya kanisa hadi watu walipotawanyika, akamwomba namba ya Maître Élie, mtetezi wa mahakamani anayekaa Walikale. Nestor aliitafuta, halafu akainua macho na kuuliza kuna shida gani. Mama Généreuse alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Akilitaja deni, wanawake tisa watakuwa mlangoni kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo akataja kitu cha kwanza kilichomjia, kitu ambacho kila mtu anacho.

“Ni mambo ya shamba,” alisema. “Mupaka.”

Nestor alimpa namba, akafunga kanisa.

Mama Généreuse alipanda kilimani mahali mtandao unapopatikana, akampigia Maître, akamwambia aje tu, mengine watazungumza wakionana. Maître akaahidi kuja Jumamosi. Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne, buti za Edmond hazikupita.

Edmond na mke wake Anne walitoka Masisi wakikimbia vita, miaka kumi iliyopita. Chifu aliwapa sehemu ya kulima, wakampelekea mbuzi kama desturi inavyotaka, na sehemu hiyo ilipakana na shamba la Mama Généreuse. Mpaka ulikuwa mstari wa migomba. Hawakuwahi kugombana. Anne alikuwa akija kuomba kaa la moto, na bidoni nne kati ya zile zilizomwagika zilikuwa zake.

Jumatano buti hazikupita. Alhamisi Anne hakuja kuchukua moto. Mchana Bibiche alirudi kutoka mtoni akasema Edmond ameacha maharage yake yasiyopaliliwa, watoto wamepelekwa Buleusa kwa dada yake, na mizigo imefungwa ndani ya nyumba. Mama Généreuse akauliza wamepata msiba gani. Bibiche akasema kwa sauti ndogo kwamba watu wanasema avoka anakuja kuwatoa shambani.

Deni lingeweza kumpeleka kasho, hilo Mama Généreuse alilijua. Lakini katika milima hii kila mtu ameona nyumba zilizochomwa kwa sababu ya mstari wa migomba.

Jioni miguu ilisimama mbele ya mlango, jozi tatu. Ilikuwa ya Plamedi, mtoto wa kaka yake, na vijana wawili asiowajua. Waliketi kwenye benchi bila kukaribishwa, mapanga kati ya magoti, wastaarabu kabisa, wakamsifu kwa chai.

“Shangazi, tumesikia,” alisema Plamedi. “Tuko nyuma yako. Tulikuwa tunangoja muntu mumoja tu aanze.”

“Aanze nini?”

“Weye njo umeanza,” alijibu, akicheka. “Ngoja avoka aandike karatasi yake. Sisi tutafanya ingine.”

Mama Généreuse alitaka kuwaambia ukweli papo hapo. Midomo ilifunguka, na aibu ikaifunga tena. Aliwapa chai nyingine, akakitua kikombe kwa nguvu hata kikagonga sahani, na Plamedi akadhani ni hasira.

Ijumaa hakufungua mlango kabisa.

Maître Élie alifika Jumamosi kwa pikipiki, mtu mfupi mwenye mkoba wa ngozi uliofungwa kwa kamba. Hakukaa. Alisema amesimamishwa mara mbili njiani na watu wanaotaka kujua yuko upande gani, na yeye ana watoto.

“Mama, mambo ya mupaka siyashiki. Nimekuja kukuambia uso kwa uso, halafu ninarudi.”

“Si mupaka,” alisema Mama Généreuse. “Ni deni. Nimefilisika.”

Maître alimtazama, akamtazama Bibiche, kisha akaketi kwenye benchi na kucheka hadi akavua miwani.

“Deni? Njo hiyo tu? Watu wamefunga mizigo juu ya bidoni za mawese?”

Alipomaliza kucheka hakuwa mtu wa mchezo. Aliuliza habari zote, akaandika. Akaeleza kwamba kudaiwa peke yake si kosa la jela, hata Valens aseme nini. Kudanganya na kujificha ndiko kunakomfanya mdaiwa afanane na mwizi. Ataandika barua kwa Valens, atawakalisha wadai wote kumi, ataomba muda. Kuhusu nyumba hawezi kuahidi. Lakini hataandika hata neno moja kabla Mama Généreuse hajakwenda kwa Edmond, mchana huu, watu wakiona.

Ulikuwa mwendo wa hatua mia mbili. Watu walitoka kwenye milango yao. Plamedi alikuwa amesimama kwenye kona na panga lake, na alipomwona shangazi yake anaelekea kule akaanza kumfuata.

Edmond alikuwa uani, amekaa juu ya mzigo, buti miguuni. Hakumkaribisha.

“Papa Edmond,” alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kona, “sina mashitaka nawe. Shamba ni lako. Nilisema uongo. Avoka ni wa deni langu. Mawese ya wanawake yote yalimwagika, na mimi sina kitu.”

Aliyesimama ni Anne.

“Na yangu?”

“Na yako, Mama Anne.”

“Siku tano tunalala na viatu,” alisema Anne. “Watoto wangu wametembea mpaka Buleusa. Juu ya aibu yako? Ungekuja kusema, ningekutukana siku moja, tumalize.”

Akamtukana sasa, kwa muda mrefu na kwa ufundi, mbele ya watu wote. Wanawake wengine walifika na kumsaidia. Mama Généreuse alisimama pale akapokea yote. Kwenye kona, Plamedi alitema mate chini, akageuka, akaenda zake na panga lake ambalo halikuwa tena na kazi.

Jumapili baada ya misa, Maître aliwakalisha wanawake tisa. Walikubali kulipwa kwa siku za kazi na kwa mawese ya msimu ujao, naye Anne alichagua siku zake zote ziwe za kupalilia maharage yaliyoharibika wiki ile. Valens amepokea barua, hajajibu. Nyumba bado inaweza kuchukuliwa. Watoto wa Edmond wamerudi.

Asubuhi moja, mwezi ukikaribia kuisha, Bibiche alimkuta mama yake amelala tena kifudifudi, shavu sakafuni. Akamuuliza, kwa kuwa wote sasa wanajua, bado anachungulia nini.

“Ninaangalia kama Edmond ameenda shamba,” alisema Mama Généreuse. “Akipita, ninafungua.”